Kopo Lisilopungua

Mke wangu ananiambia nisiliseme hili, lakini nitalisema: nilikuwa na wivu. Sio wivu wa mapenzi, huo watu wanauelewa na hata wanakuonea huruma. Changu kilikuwa kijicho cha mtu mzima wa miaka thelathini na minne, baba wa watoto watatu, aliyekuwa akikosa hamu ya chakula kwa sababu mbao zilizopakwa na mwenzake ziling'aa kuliko zake.

Mwenzangu huyo ni Mrundi. Tulikuwa wanafunzi wawili katika karakana moja hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nyuma ya soko, chini ya mabati yanayochemka kuanzia saa nne asubuhi. Fundi wetu alikuwa mama mmoja mjane kutoka Uvira, aliyerithi randa, misumeno na hasira za marehemu mumewe. Tulimwita Mama Fundi. Alikuwa akitafuna karanga mchana kutwa na kuongea huku anatafuna, na ukimwambia hukumsikia anakasirika.

Mimi sikukulia kwenye mbao. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara Kindu, kule Kongo, akiuza mchele na mawese, na mimi nilizaliwa katikati ya magunia. Hapa kambini nilianza na meza ya sabuni, chumvi na majani ya chai, ikafa kama zinavyokufa meza nyingi. Ndipo nikaenda kwa Mama Fundi kuomba kujifunza. Mrundi alinitangulia kwa miezi minne tu. Hiyo miezi minne niliibeba moyoni kama tusi, maana kila nilipokosea kitu Mama alisema, "Muulize mwenzako."

Sasa ikatokea Mama akaitwa ofisi ya kambi na kuambiwa kuwa safari yake ya kwenda kuishi ng'ambo imekubaliwa. Watu wa soko walikuja kumpongeza, akawapa karanga. Baada ya wao kuondoka akatuketisha sisi wawili kwenye rundo la mbao.

"Batoto, mi naenda," alisema. "Hii benchi, hizi bintu zote, na hii nafasi, nitamuachia mutu mumoja. Musiniombe niigawanye. Benchi ukiikata katikati inakuwa kuni."

Niliitazama ile benchi, mbao zake nene zilizojaa makovu ya patasi, nikajiona nimesimama nyuma yake na watu wananiita fundi. Nilihitaji kile kitu kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu chochote tangu nifike Malawi. Nikamtupia jicho Mrundi. Naye alikuwa anaitazama benchi ileile.

Mama alieleza mtihani. Kuna mama mmoja mtumishi wa serikali, wa kule Capital Hill, aliyeagiza vikabati viwili vya kuweka kando ya kitanda, vya mbawa, mbao nyekundu ya huku Malawi, vya kufanana. Kila mmoja wetu atatengeneza kimoja. "Kukata kila mutu anakata," alisema Mama. "Kupaka njo kazi. Nitaangalia vile munapaka, na nitaangalia vile munachunga verni. Mwenye ataiacha ikauke ndani ya kopo, huyo siwezi kumuachia benchi yangu." Verni ndivyo Wakongo tunavyoita vanishi.

Alitutuma sisi wenyewe Lilongwe kuichagua. Tulipanda minibasi asubuhi, tukashuka na kuchukua nyingine hadi Kanengo, kwenye maghala, ambako hewa yote inanuka tumbaku. Njia nzima nilikaa kiti cha mbele yake ili nisiongee naye.

Ndani ya ghala la rangi kulikuwa na vibao vya mfano vimepangwa ukutani, kila kimoja kimepakwa aina yake. Mimi nilienda moja kwa moja kwenye vanishi iliyotiwa rangi nyekundu ya mbawa, inayong'aa mpaka unajiona pua. Bati lake lilikuwa limebonyea pembeni, muuzaji akasema kwa hilo atanipunguzia. Kwangu mimi, mtoto wa duka, hapo palikuwa pamekwisha.

Mrundi akaliinua lile bati, akalitikisa kidogo karibu na sikio. Akamuuliza muuzaji kwa Kichewa limekaa hapo tangu lini. Kichewa chake kilikuwa kizuri, alijifunza akilima vibarua kwenye mashamba ya wenyeji, na mimi muda wote huo nilikuwa nimeng'ang'ania kukaa kwenye meza yangu ya sabuni. Muuzaji alicheka, akakuna shingo, akakiri kwamba ni la zamani.

"Ndugu," Mrundi akaniambia, "mbawa iko na rangi yake muzuri. Tunaificha ya nini? Tuchukue hii ya maji maji, isiyotiwa rangi. Na hii ingine nasikia ndani kuko kintu kinagongagonga, imeshaanza kushikana."

Muuzaji akampigia makofi. Akamuuliza ana karakana wapi, akamwita bosi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na bati langu lililobonyea mkononi, hakuna aliyeniita chochote. Tukanunua aliyoichagua yeye, pamoja na tina ya kuzimulia na msasa wa namba tatu tofauti. Kurudi nilikaa tena mbele yake.

Mama aliigawa ile vanishi mbele yetu, katika makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyofanana, yenye vifuniko vya plastiki. Akakwaruza alama kwa msumari ndani ya kila kopo kuonyesha vanishi imeishia wapi. La kwangu nililifunga uzi mwekundu. Akatuwekea na sheria zake. Vanishi haitikiswi, maana ikitikiswa inashika mapovu na mapovu yanahamia kwenye mbao. Brashi inachovya ncha tu. Makopo yanakaa chini kabisa kwenye kabati, mbali na mabati ya juu yanayochemka. Vitambaa vyenye mafuta havirundikwi, vinatundikwa kwenye waya kimoja kimoja, kwa sababu vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe. Hilo la mwisho nililicheka kimoyomoyo, lakini nilitundika.

Nataka niwe mkweli kuhusu kupaka kwangu. Nilipaka kama mtu anayelipwa kwa uzito. Nilitaka king'ae siku ileile, kwa mkono mmoja tu wa vanishi, basi nikakimiminia. Asubuhi nikakuta michirizi imeganda ubavuni, na kwenye kona pamefanya uvimbe. Mrundi mkono wake wa kwanza aliuzimua kwa tina mpaka ukawa mwepesi kama chai ya mtu mchoyo. Kikabati chake kilionekana kama hakijapakwa. Nikafurahi. Siku iliyofuata akapiga msasa laini, akafuta vumbi, akapaka tena kidogo. Siku ya tatu ile mbao ikafunguka, mistari yake ikaonekana imezama ndani, na Mama akaja akaipitishia kiganja bila kusema neno. Mama akikosa cha kusema, ujue amefurahi. Kwangu alisema mengi.

Nilikikwangua chote nikaanza upya, nikimwiga yeye. Nilimwiga kwa kuibia macho, ili asijue. Akiinamisha brashi nami nainamisha. Akinywa maji nami nakunywa. Nilikuwa nakijua kisogo chake kuliko nilivyojua uso wa mke wangu, na kila nilipokitazama roho iliniuma.

Jambo moja tu ndilo lililonifariji, nalo lilikuwa kopo langu. Halikuwa linapungua. Mikono miwili, mitatu, ukijumlisha na ile niliyoiharibu mwanzo, lakini nikifungua asubuhi nakuta vanishi imesimama pale pale karibu na alama, imeshuka unene wa kucha tu. Na ilikuwa safi, haijatanda ngozi juu. Mimi niliyezaliwa dukani nilipaswa kujua kwamba kitu kinachotumika hupungua. Lakini mtu mwenye kijicho akipata cha kujivunia haulizi kimetoka wapi. Nilimwambia mke wangu kuwa ni baraka.

Na kwa kuwa ilikuwa baraka, niliila. Nyumbani tulikuwa na kigoda nilichokitengeneza mwenyewe, kitu changu cha kwanza kusimama kwa miguu yote minne, na mke wangu alikuwa ananisumbua nikipake. Mchana, wenzangu walipokwenda kula nsima, ugali wa huku, kwa mama wa jirani, nilibaki nyuma nikasema nitawafuata. Nikachota vanishi kwa kijiko kutoka kwenye kopo langu, nikaitia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Kidogo tu. Kesho yake kidogo tena. Hairuhusiwi, ile vanishi ilikuwa ya kazi ya mteja, lakini nilijiambia kopo ni langu na wala halipungui.

Siku moja nilijipiga kifua mbele yao. Nikafungua kopo, nikamwonyesha Mama. "Angalia, Mama. Mi naipaka kwa akili. Halishuki." Mama akachungulia, akanitazama, akarudi kwenye karanga zake. Mrundi aliinamisha kichwa. Nikajua ameona haya.

Sipaswi kusahau kwamba alijaribu kuniambia. Ilikuwa siku za mwanzo, nilikuwa ninajiandaa kuondoka. Kila siku niliondoka mapema kidogo ili niwahi magharibi msikitini, na kazi ya kufunga makopo na kabati ikabaki kwake.

"Ndugu yangu," alisema, "ile verni yako, ukiiacha vile na nafasi juu..."

"We chunga yako," nikamkata.

"Mi nilitaka tu kukuambia..."

"Nimesema chunga yako. Umenitangulia miezi mine, si miaka mine."

Hakusema tena. Tangu siku hiyo sikuwa hata ninamwitikia salamu vizuri, nilikuwa naguna tu. Mtu wa kawaida angenuna naye. Yeye alinisalimia kila asubuhi, na hilo nalo lilinikera.

Wiki ya mwisho kabla ya Mama kusafiri, niliondoka kama kawaida nikafika njiani nikakumbuka nimesahau kofia yangu ya kuswalia. Nikarudi. Mlango wa karakana ulikuwa umeegeshwa. Nikamwona amechuchumaa mbele ya kabati, amenipa mgongo, kopo limefunguliwa mbele yake. Kando yake kulikuwa na kitambaa cheupe chenye mawe, mawe laini ya mtoni, ya ukubwa wa yai la njiwa. Akaokota moja, akalifuta kwenye shati, akalitumbukiza taratibu ndani ya kopo. Akachungulia. Akatumbukiza jingine. Sikujisumbua kuangalia lilikuwa kopo lipi; nilichukulia tu kwamba ni lake. Nilirudi nyuma kwa vidole vya miguu nikaenda kuswali bila kofia.

Hapa ndipo Kindu iliponipoteza. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema lakini alikuwa muuza mchele. Nikiwa na miaka kumi, kazi yangu ilikuwa kuchagua mawe meupe madogo madogo ya kuchanganya kwenye gunia. Kwenye pipa la mawese tuliweka jiwe kubwa moja chini, mnunuzi akichungulia aone limejaa. Kwetu jiwe ndani ya chombo lina maana moja tu: kuna kitu kimetolewa, na mwenyewe anaficha. Kwa hiyo sikuwa na shaka yoyote. Mrundi anaiba vanishi, anaiuza, na anajaza mawe ili alama isimsaliti. Ndiyo maana kopo lake nalo halikushuka.

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi ya yote. Nilienda nyumbani ninatabasamu, nikala sahani mbili, mke wangu akaniuliza nimepata nini. Wala sikwenda kumwambia Mama faraghani. Nilisubiri Ijumaa, siku ambayo vikabati vilikuwa vinachukuliwa na Mama angetaja mwenye benchi, kwa sababu nilijua majirani wangekuja. Nilitaka wawepo.

Wakaja. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mama wa nsima, waendesha kabaza wawili na baiskeli zao za kubebea abiria. Vikabati vilisimama bega kwa bega juani. Sitaficha: cha kwake kilikuwa kizuri zaidi, lakini changu hakikuwa kibaya. Mtu wa Capital Hill asingeona tofauti. Mama akajifuta mikono, akafungua mdomo kutaja, nikainua sauti.

"Mama, kabla hujasema, fungua kwanza kopo ya huyu. Iko na mawe ndani. Anaiba verni, anatia mawe. Nimemuona kwa macho yangu."

Mrundi alinitazama, na sikuona hasira usoni kwake. Alionekana kama mtu anayetaka kunizuia nisikanyage kitu.

Mama akaleta beseni na kitambaa cha kuchujia, akachukua kopo la Mrundi, akalimimina. Vanishi ikashuka, safi, ya rangi ya asali, haina hata kipande cha ngozi. Kisha yakaanguka mawe. Mama wa nsima akapiga ukelele. Mawe sita.

"Unaona!" nikasema.

"Nyamaza," Mama akaniambia. Akamgeukia Mrundi. "Sema."

Mrundi alisema polepole, anavyosema siku zote. Alisema amegundua kwamba vanishi inakufa kwa sababu ya hewa iliyo juu yake ndani ya kopo. Kila ukitumia, inashuka, na hewa inapata nafasi kubwa zaidi, halafu inatanda ngozi kama maziwa yaliyochemshwa. "Sasa mi nikawaza, nikitia mawe, yenyewe inapanda, hewa inakosa pa kukaa. Nayachemsha kwanza, nayaanika, njo naweka. Hakuna yenye imeibiwa, Mama. Ipime."

Mama hakuipima. Aliitazama vanishi ile kwenye beseni, akaitazama mbao, akaanza kucheka kwa furaha ya kweli, kifua kikatikisika. "Miaka makumi mbili na mume wangu tunatupa verni!" alisema. "Makumi mbili!"

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini watu walikuwa wameanza kucheka na Mama, na ilikuwa kama wananicheka mimi, kwa hiyo nikashika kopo langu lenye uzi mwekundu nikaliinua juu. "Basi angalia ya mutu asiye na mawe! Langu halijashuka na halina ngozi. Bila ujanja!"

"Ndugu, acha," Mrundi akasema chini chini. Akapiga hatua kuja kwangu. "Acha tu, usimwage."

Nikamwaga. Nilimwaga mwenyewe, kwa mkono wangu, mbele ya watu wote. Vanishi kidogo, safi, ikapita kwenye kitambaa, halafu likaanguka jiwe, na jingine, na mengine, yakawa yanagonga beseni moja baada ya moja mpaka nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Yale ya kwake yalikuwa sita. Ya kwangu yalikuwa kumi na moja.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kila jioni nilipokwenda kuswali, yeye alifungua makopo mawili. Ile baraka niliyomsimulia mke wangu alikuwa yeye.

Mama aliyatazama mafungu mawili ya mawe. Hakuwa mjinga. Vikabati vilikuwa vya kipimo kimoja, mbao moja, mikono sawasawa. "Huyu sita," alisema akinyoosha kidole, "na huyu kumi na moja. Ile ingine yote ilienda wapi?"

Nilihisi kijiko mkononi. Nikafungua mdomo, na sijui hadi leo ningesema nini, kwa sababu Mrundi aliwahi.

"Mama, mwanzo aliharibu, akakwangua," alisema. "Na yeye anapakaka nzito."

Aliyejaza lile kopo kila jioni alijua vizuri ni kiasi gani kilikuwa kinatoka mchana bila kwenda kwenye mbao. Alijua tangu kijiko cha kwanza. Nami nikaiacha ile kauli yake ibaki hivyo. Nilitikisa kichwa kukubali kwamba napaka nzito, na Mama akamkabidhi ufunguo wa kabati.

Mama sasa yuko mbali, anatuma picha za theluji na kulalamikia karanga za huko. Mimi nafanya kazi kwenye benchi ya Mrundi. Aliniomba nibaki, akasema kwenye kununua vitu mjini hakuna wa kunifikia, na mimi ndiye ninayekwenda Kanengo. Muuzaji kule ananiita bosi siku hizi, ila huwa anauliza, "Yule mwenzako hajambo?"

Siku ya Idi iliyopita alikuja nyumbani kutusalimia na mkewe. Mke wangu, ambaye hakujua lolote, alimletea kigoda kile chetu, kwa sababu ndicho kizuri kuliko vyote tulivyo navyo. Nilitaka kukinyakua lakini nilichelewa. Hakukaa mara moja. Alikigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akakipitishia kiganja juu, akashuka nacho mpaka miguuni, kama Mama alivyokuwa akifanya. Kisha akanitazama.

"Hii uliipaka muzuri, ndugu," alisema. "Nyepesi, haina hata muchirizi."

Akakaa, akapokea chai, akamwuliza mke wangu habari za watoto. Nilibaki nimesimama na birika mkononi, na nilimwonea wivu kuliko siku zote.